Gauni Lenye Uzi wa Kijani

Aliyejenga bafu la chumba kile cha meli hajawahi kufua hata soksi, nakuapia. Ukikaa chooni magoti yanagusa sinki. Ukisimama kwenye sinki kiwiko kinafungua bomba la kuogea, maji yanakumwagikia mgongoni na kwenye nguo zako zote. Ukutani, juu ya pale pa kuogea, walibandika kidude cha chuma cha mviringo, na ndani yake mna kamba unayoivuta mpaka ukuta wa pili, ukaitia kwenye ndoano. Ndiyo kamba yao ya kuanikia. Inabeba chupi mbili na leso, ukiongeza shati inalegea.

Mume wangu aliiona kamba hiyo kabla hajakiona kitanda. Tumeingia, mabegi bado yako mlangoni, binti yetu anamshukuru mhudumu, mimi napapasa ukuta kutafuta swichi ya taa, yeye tayari yuko bafuni anaivuta na kuiachia, anaivuta na kuiachia, na kila ikijirudisha anatabasamu. Mtu ambaye asubuhi hiyo hiyo alivaa viatu vyangu akalalamika vinambana.

"Mzee, toka huko upumzike," nikamwambia.

"Wateja wameleta nyingi?"

"Hakuna wateja. Tuko safarini."

"Basi niwashe pasi mapema," akasema, na kukunja mikono ya shati.

Alikuwa dobi. Duka lake lilikuwa karibu na geti la bandari, na nguo alizofua zaidi zilikuwa za mabaharia: suruali za bluu zenye grisi, na yale makoti meupe ya wakubwa wao ambayo doa la chai likiingia ni msiba. Kila meli kubwa ikitia nanga alikuwa akisema, "Hawa nimewafulia mpaka soksi, lakini sijalala kwao hata siku moja." Wanangu wamekua wakiusikia wimbo huo. Kichwa chake kilipoanza kumtoroka, wakaona wampeleke kabla hajasahau kwamba alitaka kwenda.

Ni zawadi nzuri, sikatai. Lakini ilikuwa na mfupa ndani yake, na mfupa wenyewe niliutia mimi.

Kabla ya safari walinikalisha sebuleni. Aliyesema ni binti yetu mdogo, ambaye ni nesi hospitalini, na kwa sababu hiyo ndugu zake humtuma yeye kila penye habari mbaya. Nyumbani hata mimi namwita Nesi. "Mama," akasema, "umechoka. Juzi umeanguka ukimzuia baba asitoke barabarani. Kuna nyumba ya wazee nimeitembelea mwenyewe, ni safi, wana wauguzi wa zamu, na nafasi ipo."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi," nikamkata. "Nani amekwambia umenilemea?"

"Mgongo wako umeniambia."

Nikapandisha hasira. Mimi nikipandisha sichagui maneno. Nikasema, "Siku mtakayomkuta hanijui mimi mkewe, siku hiyo mchukueni, wala sitatia neno. Kabla ya hapo, atakayemgusa tutaonana." Nilisema kama mtu anavyosema siku kuku akiota meno. Sikudhani kwamba kuna mtu pale sebuleni anayatunza yale maneno. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, na wangu siku ile uliponza vichwa viwili.

Nesi hakusahau. Chumba chake melini kilitazamana na chetu, na kila asubuhi alikuja kubisha, akamsalimu baba yake, akamweka sawa kola, kisha akamuuliza kwa utani usio utani, "Baba, huyu hapa ni nani?"

Mzee ananitazama. Mimi nimeshika kikombe hewani.

"Huyu? Huyu Kijani."

Hapo ndipo nakunywa chai yangu.

Nikueleze kuhusu hilo jina. Madobi wengine huandika alama ya mteja kwa wino kwenye kola. Mume wangu hakuuamini wino. Alisema wino hutoka, na aliyeandika husahau. Yeye alimpa kila mteja rangi ya uzi, akamshonea mishono midogo ndani ya pindo, mahali ambapo hata mwenye nguo hapaoni. Kuna baharia alikuwa Zambarau. Kuna mwalimu mmoja alikuwa Njano na Nyeusi kwa sababu rangi za peke yake zilikwisha, na alipojua akanuna, akasema anafanana na nyigu. Mimi nilipeleka gauni langu pale nikiwa msichana, nikawa Kijani. Nilipolifuata akaniambia halijakauka, njoo kesho. Kesho yake halijapigwa pasi, njoo kesho. Jua linawaka la kupasua mawe, gauni lenyewe jepesi kama la mtoto, na mimi naambiwa halijakauka. Mwishowe nikamwambia nikirudi tena hapa narudi na kaka zangu. Akasema, "Waje tu, ndio ninaotaka kuongea nao." Basi ndivyo nilivyoolewa. Na tangu siku ile hakuna nguo yangu iliyokosa uzi wa kijani kwenye pindo, hata zile nilizonunua uzeeni, hata gagulo.

Melini alifua kila siku, na mimi nilimwacha. Akifua anatulia. Hatafuti mlango, haulizi mama yake yuko wapi, hanivui saa mkononi akidai ni yake. Na mikono yake, usiniambie. Nguo aliikamua, akailaza juu ya taulo kavu, akaliviringa taulo kama mkeka, akalikandamiza kwa magoti mpaka likanywa maji yote. Mhudumu wetu, mama wa makamo mwenye mwendo wa haraka, alitupa sumaku zenye ndoano, maana kuta za meli ni za chuma na sumaku inashika popote. Hapo tena ikawa balaa. Nguo nzito zilikaa mbele ya mdomo wa kiyoyozi, nyepesi zikakaa kwenye pazia, soksi juu ya taa, na henga za kabatini zikahamia darini kwenye bomba la maji ya kuzimia moto. Kila mara alipita akiigusa mishono kwa mgongo wa kiganja. Mshono ndio wa mwisho kukauka, mshono ukikauka nguo imekauka.

Mimi niliishi chini ya msitu wa maji. Nikinyanyuka kitandani, suruali yake ya kijivu inanipiga kofi. Nikamwambia, "Mzee, hata ulipokuwa na akili zako hukuniinulia mkono, leo unanitumia suruali?" Akaitazama ile suruali kwa ukali, akaihamisha.

Kibarazani, pale nje penye viti viwili na bahari, wameandika kwamba ni marufuku kuanika. Siku moja nikiwa naoga akaanika fulana yake. Nilipotoka nikaikuta inapepea kwenye reli, na kabla sijafika upepo ukaichukua. Ilipaa juu kidogo, ikapungia mikono, kisha ikashuka majini taratibu huku sisi wawili tumesimama kwenye reli tunaitazama.

"Mwenyewe akija tutamwambia nini?" akaniuliza, na wasiwasi wa kweli usoni.

"Tutamwambia njoo kesho."

Akageuka akanitazama. Akaanza kucheka, mabega yakatetemeka, akashika reli, akacheka mpaka machozi, nami nikacheka, na kwa kitambo kile alikuwa mume wangu mzima, hana ufa. Nikasema moyoni, Nesi angekuja sasa. Nesi angekuja sasa hivi abishe, aone. Hakuja. Alikuwa juu anakunywa kahawa.

Siku mbili tatu baadaye alinisalimu asubuhi, "Shikamoo, dada."

Nilijifanya sikusikia. Nikamnawisha uso, nikamfunga vifungo, na niliposikia viatu vya Nesi koridoni nikamnong'oneza sikioni, "Mimi ni Kijani. Akikuuliza, sema Kijani." Akasema Kijani. Ikawa ndiyo kazi yangu ya kila asubuhi, namfundisha kama mtoto anayekwenda mtihani. Najua, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wewe unayenihukumu, weka mume wako kwanza mezani tuone utamficha wapi.

Sasa, kuna siku meli iligawa mifuko. Kila chumba kilipewa mfuko mmoja mkubwa wa karatasi: tia nguo zako chafu, utundike kwenye kitasa cha mlango, wafuaji wa meli watapita kuuchukua. Asubuhi ile koridoni kila mlango ulikuwa na mfuko wake. Mzee alikuwa amelala fofofo, kwa hiyo Nesi akaniomba nikanywe naye chai juu, nipate hewa. Nikaenda. Nilikaa kuliko nilivyokusudia, nikala keki, na nitasema ukweli, ilikuwa tamu, nikaongeza ya pili.

Tuliporudi vitasa vyote vilikuwa vitupu. Nikadhani wafuaji wamepita. Kisha nikahisi zulia la koridoni limelowa chini ya kiatu changu, na unyevu ule unaelekea mlangoni kwetu.

Nilipofungua, chumba hakikuwepo. Kulikuwa na nguo tu. Alikuwa ameunganisha mikanda ya majoho ya kuogea, tai, na waya wa kuchajia simu, akavuta kamba kutoka kwenye pazia mpaka kwenye televisheni, kutoka kwenye televisheni mpaka kabatini, na kila kamba imejaa: suruali za wanaume nisiowajua, sidiria za wanawake nisiowajua, nguo za watoto. Yeye amesimama katikati, povu mpaka kwenye viwiko, anapiga mluzi. Mezani kulikuwa na ile pakiti ndogo ya sindano na nyuzi wanayoweka kwenye droo za hoteli. Alikuwa ameshamaliza kuwatia watu rangi zao.

"Leo wameleta," akaniambia kwa furaha. "Duka limerudi."

Nyuma yangu nikamsikia Nesi akivuta pumzi. Nikajua anachokiona. Anaona vitu vya watu, anaona aibu, anaona baba aliyezunguka koridoni peke yake huku mkewe anakula keki. Mimi sikuona hayo. Mimi niliona mashati. Kamba ya dirishani ilikuwa na mashati ya kiume yanayopaswa kuwa meupe, na yote yalikuwa ya waridi. Mwisho wa kamba kulikuwa na skafu moja nyekundu, inadondosha matone mekundu kwenye zulia.

Nikakaa juu ya begi.

Mtu mwingine hataelewa. Yule mtu alisahau jina la mwanawe wa kwanza, nikavumilia. Alisahau kwamba mama yake ameshakufa, nikamzikia mama huyo upya kila wiki, nikavumilia. Lakini dobi hachanganyi nyekundu na nyeupe. Mikono yake ilijua hilo hata alipokuwa na homa, hata alipokuwa na usingizi, hata siku tuliyotoka kuzika. Mimi nilikuwa najitia moyo kwamba kichwa kinakwenda lakini mikono inabaki, na kwenye mikono mimi nimo, miaka yote hii nimo. Sasa nikayatazama yale mashati nikaona hata mikono imeshafunga safari.

Akaja mhudumu wetu, akaja na ofisa mmoja wa meli mwenye koti jeupe. Mzee alipoliona lile koti akasimama wima.

"Karibu, nahodha. Lako bado halijakauka."

Ofisa, Mungu ambariki popote alipo, akavua kofia. "Sina haraka, mzee," akasema.

Wakaanza kuanua. Jirani wa chumba cha pili, mama mmoja mnene mwenye pete nyingi, akaingia bila hodi, akanyakua shati la mumewe, akaliinua kwenye mwanga. "Huyu mzee si wa kuachwa peke yake," akasema. Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli nilimchukia hapo hapo.

"Shati la mumeo lilikuja limechakaa kola, linaondoka na rangi mpya," nikamwambia. "Shukuru."

"Mama," Nesi akasema, kisha akaanza kuomba radhi kwa niaba yangu, kwa niaba ya baba yake, kwa niaba ya ukoo mzima. Mzee yeye alikuwa anahangaika kati ya kamba, anamwambia kila mmoja, "Bado mshono, jamani, subirini mshono."

Walipoondoka zilibaki nguo zetu tu na zulia lililolowa. Nesi akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama."

"Usiseme."

"Sijasema kitu."

"Bado ananijua. Tulikubaliana."

Akamgeukia baba yake. Hakutania safari hii. "Baba, huyu ni nani?"

Mzee akanitazama. Nikaona macho yake yananizunguka, yanatafuta pa kuingilia, hayapaoni. Nikasogeza midomo bila sauti: Kijani. Kijani. Na wakati ule ule Nesi akageuka, akaniona midomo.

"Kijani," Mzee akasema.

Nesi hakuninyooshea kidole. Alinyanyuka, akakunja lile joho lililoanguka sakafuni, akaliweka kitini, akatoka na kuufunga mlango polepole. Afadhali angenigombeza.

Siku ya mwisho kabla ya kushuka kulikuwa na chakula cha jioni cha kuagana, watu wavae vizuri. Nesi akaja mchana akasema twende wote watatu, baba aone ule ukumbi wenye taa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nikakubali. Nikataka nivae, nipake poda, nikae kwenye ule ukumbi na mume wangu kama mke wa mtu, angalau mara moja tangu tupande meli ile.

Asubuhi Mzee alikuwa amefua kila nilichokuwa nacho, safi na chafu. Gauni langu la samawati, la mikono mirefu, ndilo lililokuwa mbele ya kiyoyozi, na nilijua mpaka jioni litakuwa tayari. Nikaoga. Nikatoka na taulo, jua bado liko dirishani, yeye amekaa kwenye kiti pembeni ya gauni kama mlinzi wa benki. Nikanyoosha mkono nilitungue.

Akasimama, akanishika kifundo cha mkono. Hakunibana.

"Samahani, mama. Hilo lina mwenyewe."

"Najua lina mwenyewe. Nipishe, Mzee, tunachelewa."

"Lako lipi? Nitajie rangi yako."

Nikadhani ananitania. Dukani alikuwa na mzaha wa aina hiyo. "Kijani," nikasema.

Akaligeuza pindo, akaipapasa ile mishono kwa ncha ya kidole mpaka akaipata, akanionyesha. "Hili ndilo la Kijani," akasema kwa upole, kama anavyomwambia mteja aliyekosea duka. "Kijani ni mke wangu."

"Mimi ndiye. Nitazame vizuri."

Akanitazama. Hakuharakisha, sitamsingizia. Alianza usoni, akaja kwenye mabega yaliyokuwa bado na maji, akarudi kwenye nywele zangu nyeupe, akakaa hapo. Nimewahi kusubiri uchungu wa kuzaa siku nzima. Nimewahi kusubiri mlangoni kwa daktari. Sijawahi kusubiri vile. Nami sikusogeza midomo. Sijui kwa nini, mara hii sikutaka kumnong'oneza.

"Wewe ni mtu mzima, mama yangu," akasema. "Kijani ni msichana. Usinikasirikie, tafadhali. Gauni zuri kila mtu analiona lake. Nikianza kugawa nguo za mke wangu, mwenyewe akija nitamwambia nini?"

"Mwambie alikuja mtu akaliomba. Ataelewa."

Akatikisa kichwa. "Humjui yule. Ana mdomo."

Nikacheka. Nilicheka na machozi yakatoka hapo hapo, vyote kwa mpigo mmoja, na nikashindwa kuzuia hiki wala kile.

"Yuko wapi sasa?" nikamuuliza.

"Atakuja. Nikimwambia njoo kesho, anakuja. Hajakosa hata mara moja." Akalitungua gauni, akagusa mshono wa kwapani kwa mgongo wa kiganja, akaridhika, akalikunja vizuri na kulikumbatia kifuani kwa mikono miwili, mbali nami.

Nesi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na kadi ya mlango wetu, na sikujua ameingia saa ngapi. Amevaa, amejipamba, mkufu niliompa siku ya kumaliza chuo uko shingoni.

"Mama," akauliza kwa sauti ya chini, "amekujua?"

Alikuwa amesikia kila kitu. Nilimtazama nikaona kwamba amesikia. Alikuwa ananiachia nafasi nidanganye, mtoto yule, na kama ningedanganya angekubali, tungepanda juu tukala, tungerudi nyumbani wote watatu, na mimi ningeendelea kuanguka barabarani mpaka siku nisiyoinuka. Mdomo wangu ulikuwa tayari umeshafunguka. Maneno yenyewe yalikuwa ulimini.

"Hajanijua," nikasema.

Nesi akafunika uso. Akalia kama alivyokuwa analia akiwa mdogo, bila sauti, mabega tu. Mimi nikakaa kwenye kile kiti cha Mzee, na taulo langu, nywele zinanidondokea mgongoni. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilikwenda kuyavulia mwenyewe, sebuleni kwangu, mbele ya mashahidi.

"Ile nyumba uliyoitembelea," nikamwambia, "wana kamba ya kuanikia?"

Akashusha mikono. "Nini, mama?"

"Kamba. Nje, kwenye jua. Wana kamba?"

"Sijui," akasema. "Niliuliza madaktari. Niliuliza chakula, na vitanda, na nani anakesha nao. Hilo sikuuliza."

"Kaulize. Wampe kamba, na beseni, na wasimkataze maji. Waambie asiwekewe nyekundu. Nguo za kufua nitapeleka mwenyewe."

"Sawa, mama."

Mzee alikuwa ametusogelea. Aliniona mimi mteja wake bado nalia, na dobi mzuri hapendi mteja alie dukani kwake. Aliinama kidogo, gauni langu bado liko kifuani, akaniwekea mkono begani, mkono wa baridi wenye ngozi iliyokunjamana kwa maji.

"Usilie kwa ajili ya nguo, mama," akaniambia. "Yako haijapotea. Haijakauka tu. Njoo kesho."

"Nitakuja," nikamwambia. "Kesho nitakuja."